Moshi Alioutuma Kaka Zakaria

Nilitoka Dar es Salaam Alhamisi asubuhi na chupa ya wiski ndani ya begi, nimeiviringisha kwa kanga mbili. Nilikuwa naipeleka Tanga, kisha Kigombe, kisha Ushongo kwa mama, kwa sababu kaka yangu aliniomba nimwambie kama bado anapakumbuka kwetu.

Kaka yangu ni Zakaria, mkubwa wetu. Anaishi Uskoti, kwenye kisiwa cha baridi na upepo, na kazi yake ni kuchochea moto katika kiwanda kidogo cha wiski. Moto wenyewe si wa kuni. Kule huchimba udongo mweusi wa mabwawani, uliotokana na majani na mizizi iliyooza tangu enzi na enzi, wakaukata vipande kama matofali, wakauanika, kisha wakauchoma chini ya shayiri iliyolowekwa ili ikauke. Moshi ule ukishaingia kwenye punje hautoki tena. Shayiri itachachushwa, itakenekwa kama gongo inavyokenekwa, italazwa kwenye pipa la mbao mpaka mtoto aliyezaliwa siku hiyo aende shule, na moshi bado utakuwamo. Hawaichanganyi na wiski ya kiwanda kingine. Watu hulipia moshi huo.

Mimi nafundisha watumishi wa baa katika chuo cha hoteli. Naonja kwa kazi, na ninachotema ni kingi kuliko ninachomeza. Ndiyo maana Zakaria alinichagua mimi. Alimkabidhi chupa mwenzake wa kazini aliyekuja kupanda Mlima Kilimanjaro, na jioni ile nilipoipokea akanitumia ujumbe wa sauti.

"Naomi," alisema, "hii imetoka kwenye moto niliouchochea mimi. Wenyeji wakiinusa wanasema moshi, mwani, chumvi. Mimi nikiinusa naona Kigombe, mama anabanika samaki. Ni ile ile. Lakini siku hizi nina hofu. Nikifumba macho, uso wa mama hauji vizuri. Nimebaki na harufu. Sasa kama hata harufu nimeipotosha, nitakuwa nimebaki na nini? Nenda nayo nyumbani, uinuse pale pale. Halafu uniambie kweli. Usinionee huruma."

Zakaria hajarudi tangu alipoondoka. Mwanzo ilikuwa vibali, baadaye nauli, baadaye watoto wake wakaanza shule kule. Nilisikiliza sauti yake mpaka mume wangu akaniambia, "Nenda tu, mama Elia. Hapa hutalala."

Muheza tulifika saa za mchana. Wauza machungwa walilizunguka basi, na abiria mwenzangu akanipa moja lililokwisha kumenywa. Nilimshukuru nikakataa. Ganda la chungwa likishika vidole, kila glasi utakayoinusa siku ile itakuwa chungwa. Nililitazama likiliwa na mwingine, maji yakimchuruzika mkononi, na nikatamani kwa sekunde chache ningekuwa na kazi nyingine.

Tanga mjini nilipokewa na Shirin. Tulisoma naye sekondari, tukalala vitanda viwili vilivyogusana. Babu wa babu yake alitoka Bara Hindi, na ukoo wao umeuza udi, ubani na marashi mjini hapo kwa vizazi. Yeye sasa anaishi Makorora kwa wakwe zake na dukani huenda asubuhi. Nilimtaka yeye kwa sababu ya pua yake. Mteja akipita barabarani, Shirin humwambia mwenzake dukani mafuta gani yamepakwa na yamepakwa lini.

"Waja leo, na leo huondoki," aliniambia mlangoni, akanipokonya begi. Kioo kikagonga kitu ndani. Akaniangalia.

"Ni ya Zakaria," nikasema, nikamweleza yote.

Alifikiri kidogo. "Kunywa sinywi, wajua. Na ndani isiingie, mama mkwe yu kwenye msala, aswali. Lakini kunusa nitakunusia. Twende uani."

Uani palikuwa na kamba ya nguo na jiko la mkaa lililokwisha zimika. Nilitoa glasi yangu ya kazi, yenye tumbo na mdomo mwembamba, nikamimina kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kuifungua chupa ile. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyomiminwa kabla haijaiva. Shirin hakuisogeza puani. Aliiweka juu ya kigoda, akaivuta hewa yake kwa kiganja, kama anavyofanya kwenye chetezo cha ubani, akageuza uso, akavuta tena.

"Moshi huu hautoki kwenye mti," alisema. "Moshi wa mti una utomvu. Udi ukiuchoma wapanda, wakutafuta kichwani. Huu walala chini kama ukungu. Halafu pana chumvi. Na nyuma kabisa, pana dawa."

"Dawa ya kunywa?"

"Ya kupaka. Sijui ipi. Naijua, lakini jina lanikimbia." Akavuta tena hewa. "Yeye kaka yako asema ni nini?"

"Samaki wa mama."

Shirin aliifunika glasi kwa kiganja. Ni mtu wa adabu, na nilimwona akitafuta neno. "Pengine baridi ya kule imemwingia puani," alisema mwishowe, akaniita nikale.

Habari ya dawa haikunishangaza. Wiski za visiwa vile zinajulikana kwa hilo. Nimewafundisha wanafunzi wangu mara nyingi. Kilichonikaa rohoni ni jinsi alivyoifunika glasi.

Ijumaa asubuhi nilipanda gari la Pangani, nikashuka Kigombe. Baada ya mashamba ya mkonge, bahari hutokea upande wa kushoto bila kukuaga wala kukukaribisha, na mimi kila mara hugeuza shingo kana kwamba sikujua kuwa ipo. Baba alikuwa Msambaa wa milimani huko Lushoto, aliyeteremka kufanya kazi ya mkonge. Tulikaa kwenye nyumba za shamba, zile za mstari, na mama alibanika samaki akauza. Nyumba yetu sasa wanaishi wengine. Wamepaka mlango rangi ya kijani. Sikubisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama Saumu, aliyekuwa jirani yetu, kwa sababu moshi wake niliuona kabla ya paa lake.

"Shikamoo, mama Saumu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Naomi. Wa mama Zakaria."

Aliniangalia juu mpaka chini. "Naomi mla vichwa vya samaki," alisema, akaniachia nafasi kwenye gogo lake kana kwamba nilitoka jana.

Alikuwa anabanika vibua. Pipa lililokatwa nusu, wavu juu yake, chini makumbi ya nazi yanayofuka bila kuwaka. Mafuta ya samaki yalidondoka, na kila tone likainua moshi mwingine, mzito, mtamu kidogo. Nikavuta pumzi na miguu yangu ikawa ya mtoto. Niliona mikono ya mama, mafuta mpaka kwenye viwiko. Niliona sahani ya bati. Mama Saumu aliniuliza kama moshi umeniingia machoni, nikasema ndiyo.

Nilimweleza kilichonileta. Hakutaka chupa karibu na samaki wake, akanielekeza nikae kule upepo unakotoka. Nikakaa. Hapo nilifanya kazi yangu kama ninavyoifanya darasani. Nilinusa mdomo ukiwa wazi kidogo, ili ukali wa kileo usinichome. Nilitia matone ya maji, nikasubiri. Ikafunguka: ganda la limau, asali ya mbali, mbao mpya. Nikaonja. Ilichoma ncha ya ulimi, ikatandaza chumvi pembeni, kisha ukaja moshi, mkavu, wa jivu, na ukakaa kooni muda mrefu baada ya kumeza. Ilikuwa wiski nzuri sana. Ningeipa alama za juu mahali popote.

Halafu nilisimama, nikaenda penye pipa la mama Saumu, nikavuta moshi, nikarudi kwenye glasi. Nikaenda tena. Nikarudi tena. Kila nilivyorudi, ndivyo mioshi hiyo miwili ilivyotengana. Moshi wa Kigombe una mafuta. Unashika nguo, unakupa njaa. Moshi wa Zakaria hauna tone la mafuta. Ni baridi. Si samaki, si makumbi makavu, si mikono ya mama.

"Zakaria yu wapi siku hizi?" mama Saumu aliuliza, akigeuza vibua kwa vidole vitupu.

"Yuko Ulaya bado."

"Kwa mama yako waenda?"

"Leo hii."

Akanifungia samaki kwenye gazeti, moto moto, akakataa kushukuriwa.

Pangani nilivuka kwa kivuko kwenda Bweni, nimesimama kwenye ukingo na begi miguuni. Mto ulikuwa wa rangi ya udongo. Hapo ndipo nilipoanza kuutunga uongo. Ungekuwa mfupi: "Kaka, ni ile ile. Hujasahau kitu." Nani angeumia? Yeye angelala, na mimi ningerudi Dar kwa wanafunzi wangu. Bodaboda iliponichukua kupita katikati ya minazi kuelekea Ushongo, maneno yalikuwa tayari, na hata sauti ya kuyasemea nilikuwa nimeichagua.

Ushongo, alasiri, nilimkuta mama anafukuza kuku kwenye bustani yake ya mchicha. Alihama Kigombe mdogo wangu Eva alipopata kazi ya upishi katika hoteli ndogo ya ufukweni. Wanaishi nyumba moja, na saa zile Eva alikuwa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Au ni hiyo nguo?"

"Ni nguo."

"Basi usiivae tena."

Mama ni Mlutheri wa kwaya ya akina mama, na pombe haijapata kulala nyumbani kwake, hata Krismasi. Nilipoitoa chupa alikunja uso. Nilipomwambia imetoka wapi, uso ukakunjuka taratibu.

"Moto wa hii aliwasha yeye?"

"Yeye."

Alinawa mikono, akaikausha kwa upindo wa kanga, akaketi kwenye kiti cha barazani. "Lete."

Nilimpa glasi. Aliishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji, akainusa. Nilitarajia akohoe. Hakukohoa. Akainusa tena, polepole, akaiteremsha mpaka magotini, akatazama mchicha wake.

"Nani kasema samaki?" aliuliza.

"Zakaria. Anasema ni wewe unabanika."

"Mimi nimebanika samaki tangu nimeolewa mpaka macho yangu yakaharibika kwa moshi. Hii si samaki, Naomi. Hii ni hospitali ya shamba."

Sikumwelewa. Mama akaniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, na aliyasema akitazama pale pale kwenye mchicha.

Baba alipougua kifua alilazwa katika hospitali ndogo ya shamba la mkonge, karibu na maji. Mimi na Eva tulikuwa wadogo, tukapelekwa kwa bibi Lushoto. Tuliporudi alikuwa amekwisha zikwa. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba aliyemuuguza ni Zakaria. Mama hakuweza kuacha samaki, maana ndio waliotulisha sote, baba akiwemo. Kwa hiyo Zakaria, akiwa bado shule ya msingi, alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha baba.

"Mgosi wangu, baba yenu, alilala sana mpaka mgongo ukatoka vidonda," mama alisema. "Wauguzi wakimpaka ile dawa ya kahawia, ile inayochoma. Wodi nzima ilinuka hiyo. Na nje ya dirisha ndipo ndugu wa wagonjwa walipopikia. Mafiga, makumbi yaliyolowa mvua, hayawaki, yanafuka tu, na moshi wote unaingia ndani. Bahari hapo chini. Mimi nikija asubuhi, ndiyo harufu iliyonipokea mlangoni."

Akanirudishia glasi. Nikainusa. Moshi uliolowa, usio na mafuta. Chumvi. Dawa ya kahawia, iodini, ambayo Shirin alikosa jina lake. Vyote vilikuwamo tangu mwanzo, na mimi, mwalimu, nilikuwa nimevihesabu kimoja kimoja nisijue ni chumba.

"Siku baba alipofariki alikuwa naye nani?" niliuliza.

"Peke yake. Nilifika na kikapu, akanipokea mlangoni, akaniambia, 'Mama, kaa kwanza.' Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala baada ya siku ile. Nami sikumuuliza. Nilisema moyoni, mtoto huyu, atasahau." Alikunja upindo wa kanga, akaukunjua. "Mpigie."

Nilipiga, nikaweka spika. Zakaria alipokea haraka, na nyuma yake nilisikia upepo na chuma kikigongwa.

"Umeinusa?"

"Nimeinusa, kaka. Niko na mama."

"Basi niambie."

Nilifungua mdomo. Yale maneno niliyoyatunga kivukoni yalikuwapo, na nafikiri ningeyasema. Mama akaichukua simu mkononi mwangu.

"Zaka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeinusa chupa yako. Si samaki wangu hii. Ni wodi ya baba yako."

Nilifikiri mtandao umekatika, nikasogea nitazame. Upepo ulikuwa bado unasikika.

"Ndiyo, mama," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Ndiyo. Ni kweli. Ni pale."

"Baba yako alisema nini?"

"Lini?"

"Unajua lini."

Chuma kiliacha kugongwa kule. "Aliuliza kama maji yamejaa," Zakaria alisema. "Alipenda yakijaa, ayasikie mawimbi ukutani. Nikatoka kutazama. Maji yalikuwa yamekupwa, matope matupu mpaka mbali. Nikarudi nikamwambia yamejaa. Akasema, 'Vizuri.' Baada ya hapo hakusema tena."

Mama aliinamisha kichwa, simu ikiwa mkononi. Kuku walirudi kwenye mchicha na hakuna aliyewafukuza.

"Ulifanya vyema," alimwambia. "Hata mimi ningemwambia yamejaa."

Zakaria alilia. Ni mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na tulimsikia wote wawili, na mama alimwacha alie bila kumwambia nyamaza. Alipotulia, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeona haya, "Sasa mama, samaki wako wananukaje? Kumbe sikumbuki kabisa."

Mama aliniashiria nimpe ile karatasi ya mama Saumu. Akaifungua magotini, akainua kibua kimoja mpaka puani, na akaanza kumweleza. Kwanza ngozi, alisema, imekaza na inang'aa, inanuka kama sufuria ya nazi iliyoungua kidogo ukingoni. Ukiibandua, mafuta yanatoka yakiwa na joto, na hapo moshi ni mtamu, unaupata nyuma ya ulimi kabla hujala. Mbavuni kuna uchungu kidogo, ni wa nyongo, wengine huutupa lakini wewe uliupenda. Alikwenda polepole, akinusa na kusema, akinusa na kusema. Nimekaa na waonjaji wenye vyeti. Sijasikia mtu akieleza kitu vile kwa ajili ya mtu mwingine.

"Endelea," Zakaria alikuwa akisema. "Endelea, mama."

Jumamosi asubuhi niliondoka. Mama alinisindikiza mpaka inapoishia bustani yake, akanikabidhi chupa kwa vidole viwili. "Ya mwanangu, lakini ni pombe," alisema. Eva alinibebea mkate wa kumimina. Nilirudi kwa njia ile ile, kivuko, Kigombe bila kushuka, Tanga, kisha basi la Dar. Muheza nilinunua machungwa, nikala mpaka kidevu kikalowa.

Ile wiski nimeionja na wanafunzi wangu tangu hapo. Wanasema moshi, wanasema chumvi, na mmoja aliyewahi kukatwa na panga shambani alisema dawa ya kidonda kabla ya wote. Nawapa alama. Lakini sasa mtu akisema kinywaji kinamkumbusha kwao, namuuliza ni chumba gani, na nani alikuwamo. Nimejifunza kwamba aliye mbali hachagui cha kutamani. Zakaria alidhani anatamani jiko la mama, kumbe miaka yote alikuwa amelala kwenye mkeka ule, anasubiri mtu aingie amuulize.

Bado hajaja. Humpigia mama kila Jumapili baada ya ibada, na humuuliza habari za baba: alivyotembea, alivyocheka, kama kweli aliogopa kuogelea. Mwisho wa mazungumzo husema atakuja mwakani. Zamani mama alimjibu, "Mungu akipenda." Siku hizi humuuliza, "Mwezi gani?" Naye Zakaria husema atatazama.